Bibi Siyo Chanzo

Kofia yake ilikuwa inafika kabla yake. Ninyi mnacheka, lakini ndivyo. Pale barazani Mbinga mjini ninapouzia chai na maandazi, barabara inapanda, kwa hiyo mtu anayetoka bondeni unamwona kichwa kwanza. Tulikuwa tunaona kofia ya majani iliyochanika pembeni, inapanda, inapanda, halafu miwani, halafu ndiyo Bwana Shamba mwenyewe na buti zake za mpira. Kiangazi buti, masika buti. Mama Intaneti, mwenye duka la kompyuta mlango wa pili, akimwona anapaza sauti:

"Jamani pisheni, mwandishi wa dunia nzima kafika!"

Na sisi tunacheka, na yeye anacheka, anavua kofia na kutusalimia wote, hata mtoto aliyebebwa mgongoni.

Jina lake analo, sitalitaja. Kwao ni huko mikoa ya katikati, sikuwahi kuuliza vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kusema "kwetu, kwetu". Serikali ilimleta awe bwana shamba wetu huku Umatengoni, serikali ikamwacha, jina likabaki. Miaka ile ya kupunguza watu kazini mnaikumbuka? Mbolea ya bei nafuu ikaondoka, ushirika wa kahawa ukafa huku tunautazama, wakaja wanunuzi wenye magari yao, leo huyu kesho yule. Na mabwana shamba wakaambiwa asanteni, nendeni. Wenzake walifunga mizigo. Yeye alikuwa ameoa mwanamke wa ziwani, wa Kihagara, akasema sasa niende wapi tena. Akabaki Bwana Shamba asiye na mtu wa kumwelekeza kitu.

Alikuwa Mwislamu wa kufunga na kuswali, lakini ukimwambia "Tumsifu Yesu Kristo" anakuitikia "Milele amina" kwa sauti nzito mpaka unadhani paroko. Sikukuu za watakatifu alizijua kumshinda katekista, maana zamani alituhesabia siku za kupanda kwa hizo. "Mkipita mtakatifu fulani hamjapanda maharage, msinililie." Halafu yeye huyohuyo haamini kitu bila kukishika. Udongo anaupikicha, anaunusa, mara ameuweka ulimini. Nikamwambia siku moja, Bwana Shamba, wewe ukifa hatutakuzika, tutakurudisha tu, maana nusu yako ni udongo wetu tayari.

Kuna jambo moja lilikuwa linaniudhi kwake. Alikuwa hawezi kupita neno lililokosewa. Mimi nilisoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Herufi nazijua, lakini moja moja, kama watu wa kijiji kingine. Nikaandika kibao changu kwa mkaa: CHAI YA LANGI. Sisi Wamatengo ndimi zetu mnazijua, hapa L, hapa R, zinabadilishana viti. Yeye akapita, akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko langu bila kuniomba, akaifuta ile L, akaweka R. Wateja wamekaa wanatazama. Nilimnyima sukari siku ile.

Lakini mtu huyohuyo aliyenisahihisha langi, kwenye ngolo alikataa katakata kuweka R. Ofisini walikuwa wanaandika "ngoro", na yeye mwenyewe zamani aliandika hivyo. Nikamuuliza, mbona sasa unasema ngolo kama sisi?

"Rangi ni ya watu wote," akasema. "Ngolo ni yenu."

Sasa, kwa asiyejua, ngolo ni kilimo chetu cha milimani. Huku kwetu Mpepai mashamba yamesimama kama ukuta. Wanaume wanafyeka nyasi, zikikauka wanazipanga kwa mistari, hivi na hivi, zinakatizana kama nondo za dirisha. Halafu tunaingia sisi wanawake na majembe. Katikati ya kila mraba unachimba, udongo unautupia juu ya zile nyasi mpaka zifunikwe zote. Pale katikati panabaki shimo. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni, hayatoroki na udongo, na nyasi zinaoza chini zinakuwa mbolea. Juu ya matuta tunapanda maharage, mwaka unaofuata mahindi. Mgongo unakatika. Wanaume wakimaliza kupanga nyasi wanakwenda kukaa, na huo ndio ukweli, aliyekasirika akasirike.

Hiyo habari ya wanawake ndiyo iliyomtesa Bwana Shamba miaka yote ninayoisimulia.

Ilianza hivi. Alikuwa amekwenda kwa Mama Intaneti kutafuta mambo ya mafao yake. Umeme wa jenereta wa kubahatisha, mtandao unasinzia. Akatoka barazani na uso sijui wa nini.

"Bibi, kuna kitabu humo ndani," akaniambia. "Kitabu cha kila kitu cha duniani, cha Kiswahili, na anayekiandika ni mtu yeyote. Mimi, wewe, yeyote. Halipwi mtu. Ukikosea mwingine anakurekebisha. Nimetafuta Mbinga."

"Ukaikuta?"

"Mbinga ni mji wa Tanzania."

"Enhe?"

"Basi. Imekwisha."

"Hata kahawa hawakuisema?"

"Hata kahawa."

Akarudi ndani akaiandika kahawa. Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama, anainua kichwa, anatazama, anadonoa tena. Kesho yake akaja mapema, akakuta maneno yake yapo palepale. Mtu ambaye hali barabarani hata umpe bure, siku ile alikula maandazi yangu amesimama, makombo kwenye ndevu, anawaambia wapita njia, "Tumo! Tumo!" Sijamwona na furaha ile tena, na ndiyo maana naisema.

Maana akajitia moyo akaandika ngolo. Alinikalisha barazani akaniuliza kila kitu, hata mambo aliyoyajua, ili ayasikie kwangu. Akaandika kwamba wanaume hupanga nyasi na wanawake ndio wanaochimba na kufukia, na kwamba bila wanawake hakuna ngolo. Akanisomea. Nikapiga vigelegele peke yangu, Mama Intaneti akatoka kudhani kuna harusi.

Siku chache baadaye nikaona kofia inatoka dukani imeinamishwa.

"Wamefuta," akasema.

"Wamefuta nini?"

"Wanawake. Ngolo wameiacha, wanawake wamewafuta. Wanasema hakuna chanzo."

Mimi nikashangaa. Chanzo? Huku kwetu ukisema chanzo, ni chanzo cha maji. Nikaona kumbe jambo dogo.

"Si uwaambie kipo! Kipo juu kule Mpepai, ukipita mawe mawili, chini ya mkuyu. Hakijawahi kukauka. Mimi nimechota pale tangu nikinyonya. Kama hawaamini waje, nitawapeleka mwenyewe."

Alinitazama. Halafu akacheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, na Mama Intaneti anauliza kuna nini, naye anashindwa kusema. Alipotulia akanieleza kwamba chanzo kwa watu wale ni kitabu au gazeti ulikotoa maneno.

"Lakini maneno si umetoa kwangu?"

"Ndiyo. Na nikaandika hivyo. Chanzo: bibi mmoja wa Mpepai."

"Wakasemaje?"

Akavaa miwani yake taratibu.

"Wakasema bibi siyo chanzo."

Tulicheka tena, lakini mimi kicheko changu hakikufika mbali. Nikamimina chai. Bibi siyo chanzo! Sasa yeye aliyeandika hayo katokea wapi, kwenye gazeti?

Yule mtu wa kufuta alikuwa mkubwa mle ndani, amekaa miaka, anajua sheria zote. Hatukumjua sura wala mahali. Mimi nikambatiza Kifutio. Bwana Shamba akirudisha maneno, Kifutio anafuta. Anamwandikia na vimaneno: Kiswahili chako kizito, umeweka picha vibaya, ngolo ni kosa la matamshi, wewe mgeni soma kwanza maelekezo. Wengine wakaingia, huyu anasema makala ndefu, yule anasema inasifia mno. Bwana Shamba ananisomea barazani kama anasoma matangazo ya misiba.

Halafu anaapa. "Sirudi tena humo. Wallahi sirudi." Anaondoka, kofia inashuka bondeni mpaka inapotea. Tunasema basi, kaacha. Kesho yake kofia hiyo, inapanda.

"Umesahau nini leo, Bwana Shamba?" Mama Intaneti anamdaka mlangoni.

"Nimekuja kurekebisha nukta tu. Kuna mahali wameandika habari za kijiji cha Lipingo bila nukta."

Ndiyo ilikuwa njia yake. Akitukanwa sana haandiki neno jipya. Anatafuta kurasa za wengine, anaweka nukta iliyosahaulika, anatoa herufi iliyojirudia, anaweka mkato. Vitu vidogo ambavyo hakuna anayegombea. Nilimwambia hiyo ni kazi ya kuokota punje chini ya kinu cha mwenzio. Akasema, "Nukta haijawahi kuulizwa chanzo." Wiki inapita anaokota nukta zake, mgongo unanyooka, halafu utasikia, "Leo nawarudisha wanawake." Na Kifutio anawafuta.

Watu wa mjini wakafanya ndiyo mchezo. Madereva wa malori ya kahawa wakinywa chai:

"Huyu mzee analipwa na nani?"

"Halipwi."

"Ha! Mtu mzima akae na kompyuta mchana kutwa asilipwe? Anauza habari zetu kwa Wazungu huyo."

"Kwanza siyo Mmatengo. Mambo ya ngolo yanamhusu nini?"

Wanasema huku anasikia. Hawajui huyo wanayemsema alimwaga jasho milimani kwao kabla wao hawajazaliwa. Na Mama Intaneti, ambaye saa ya kulipa hamsamehi hata dakika, naye anachomeka:

"Bwana Shamba, mkeo anajua unakuja kutukanwa hapa kwa kulipia?"

"Anajua. Nyumbani natukanwa bure, lakini yale nimeyazoea."

Alikuwa na majibu. Lakini mimi niliyekaa naye niliona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili wakiondoka.

Sasa niwaambie kwa nini hakuacha, maana wengi waliniuliza, na walidhani ni ubishi. Ubishi alikuwa nao. Lakini siyo huo.

Siku moja mvua ilitufungia barazani, mimi na yeye tu. Kifutio alikuwa amemwandikia tena. Hakunisomea. Akasema:

"Bibi, leo nimejibiwa maneno yangu mwenyewe."

"Maneno gani?"

"Ameandika: hapa tunaandika kwa vitabu, siyo kwa hadithi za bibi."

Nikaweka birika chini. Nilijua anasema nini. Mvua ikapiga bati, chai ikapoa.

Alipokuja kwetu Mpepai, yeye kijana, suruali imepigwa pasi, alikuja na agizo. Ngolo iachwe. Ni kilimo cha kizamani, watu wachimbe matuta marefu yaliyonyooka kama ya kwenye kitabu chake. Akachagua shamba la mfano, na shamba lenyewe likawa la mama yangu mzazi. Mama akamwambia kwa adabu, mwanangu, mlima huu nimeurithi kwa mama yangu, ukivunja mashimo haya maji yatatoroka na udongo. Akamweleza yote, nyasi, mraba, shimo. Viongozi wamesimama, majirani wamesimama. Na Bwana Shamba akamjibu mbele ya wote:

"Mama, hapa tunalima kwa kitabu, siyo kwa hadithi za bibi."

Watu wakacheka. Wakavunja ngolo za mama, wakachimba matuta. Mvua kubwa ilipokuja, matuta yakakatika, maharage yakashuka mtoni na udongo wake. Tuliyaona yanaelea. Mama hakulia. Alibeba kapu lake tupu kichwani, akatembea mpaka ofisini kwa Bwana Shamba, akaliweka mezani.

"Nimekuletea mavuno," akasema. Akaondoka.

Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba. Mama hakumsalimia tena yule mtu mpaka anazikwa. Bwana Shamba alikuja msibani, alibeba udongo wa kaburi kwa mikono, hakutaka koleo. Kuanzia hapo ndiyo alianza kuturudia na maswali. Nyasi gani? Shimo liwe na kina gani? Kwa nini hapa mnaanzia chini? Alijifunza ngolo kwa wanawake wa Mpepai kama mtoto wa darasa la kwanza, na mshahara bado anapewa wa kutufundisha sisi.

Kwa hiyo Kifutio alipomwandikia vile, mtu mwingine angezima kompyuta. Yeye alikaa barazani mvua inanyesha, akasema, "Mama yako alinielezea yote siku ile. Sentensi moja tu nataka ikae. Moja." Halafu akacheka vibaya. "Na huyu Kifutio, namjua kabisa. Ni kijana ana suruali ya pasi."

Mimi sikumwambia kitu cha kumfariji. Nilikula ile mihogo.

Basi akaja mtafiti, wa chuo kikuu. Mtu mzuri, mcheshi, alileta sukari. Bwana Shamba mwenyewe ndiye alimpandisha Mpepai, akamwonyesha mashamba, akamkalisha kwangu. Kinasa sauti chake kikawekwa kwenye kinu, nikaongea asubuhi nzima mpaka koo likakauka. Nikamwambia habari za nyasi, za majembe yetu, za kapu la mama. Akaniuliza jina la mama, nikamtajia herufi kwa herufi. Bwana Shamba amekaa pembeni, kofia magotini, anatabasamu kama bibi harusi.

"Bibi," akaniambia tukishuka, "kitabu chake kikitoka, utakuwa chanzo."

Tulikisubiri. Nilizika mume hapo katikati. Siku kitabu kilipofika, Bwana Shamba alipanda ile barabara mbio na buti zake, kofia mkononi. Akafungua barazani, watu wamejaa, hata madereva wa malori. Mama Intaneti akatoka na calculator yake mkononi. Bwana Shamba akasoma. Mimi nangoja nisikie mama.

Mama hayumo. Mimi nimo, chini kabisa kwa herufi ndogo: mkulima mwanamke, Mpepai. Na juu, kwenye maandishi makubwa, mtafiti wetu mcheshi kaandika: "Wanaume hukata nyasi na kuzipanga, wanawake huwasaidia kufukia udongo na kuchimba mashimo. Kupanda maharage ni kazi yao."

"Rudia hapo," nikasema.

"Huwasaidia."

"Nani anamsaidia nani?"

Dereva mmoja akasema, "Si ndivyo? Mwanamke ni msaidizi." Chai yake niliimwaga barabarani, na aondoke.

Mnaona lakini? Wiki ile ile Kifutio akaichukua sentensi hiyo, neno kwa neno, akaiweka kwenye ukurasa wa ngolo, na chanzo chake kamili, jina la mtafiti na kurasa. Bwana Shamba akaandika kwamba mwandishi amekosea, kwamba yeye alikuwepo, alisikia bibi akisema vingine. Kifutio akajibu kwa upole safari hii, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi: una chanzo kingine?

Hakuapa siku ile. Alivaa kofia, akamlipa Mama Intaneti, akaniaga kwa jina langu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Nikaitazama kofia inashuka. Kesho haikupanda. Wala keshokutwa. Tukasikia amehamia Kihagara kwa wakwe, macho yanamsumbua. Mama Intaneti alikaa mlangoni siku kadhaa anatazama barabara, akijifanya anapunga upepo. "Kumbe nilimzoea," akasema. Eti kumbe.

Mimi kushuka ziwani nashuka kwa ajili ya usipa, wale samaki wadogo, nauza huku juu. Mwaka mmoja kiangazi nikasema nifike Kihagara nimwone. Nikamkuta kando ya vichanja vya usipa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafukuza kunguru kwa fimbo. Kofia ileile. Miwani hana tena, haina kazi. Pale ziwani amevaa buti za mpira, kwenye mchanga!

"Shikamoo, mwandishi wa dunia," nikamtania.

"Marahaba, chanzo," akasema bila kugeuka. Sauti aliijua.

Mkewe akaleta ugali na mbasa, samaki wa ziwa lile, mbichi wa kuchemsha, tukala, tukasengenya Mbinga yote. Bati la duka la Mama Intaneti, nani kafa, nani kauza shamba lake la kahawa kwa nani. Baadaye akatoa simu mfukoni, zile za kioo, ya mkewe. Akasema mtandao sasa unafika mpaka hapa, mnara ule pale, lakini yeye anaona ukungu mtupu. Akambonyezesha mkewe mpaka ukurasa wa ngolo, akanipa mimi.

"Nisomee. Mke wangu ananisomea haraka haraka, anaona upuuzi."

"Ni upuuzi," mkewe akasema, akaenda kugeuza usipa.

Nikasoma na ngumbaru yangu, kidole kinafuata. "Wa-na-u-me hu-ka-ta nya-si na ku-zi-pa-nga, wa-na-wa-ke hu-wa-sa-i-di-a." Nikaishia hapo. Kidole nikakiondoa.

"Mbona umesimama?"

"Hilo neno mimi siendelei nalo. Kama unataka mwite mkeo."

Fimbo ikasimama, kunguru wanakula usipa wa watu. Halafu akasema, polepole:

"Soma tena. Uishie palepale."

Nikasoma tena, nikaishia palepale. Na yule mzee akaanza kucheka, mabega yanatikisika, mpaka mkewe akageuka.

"Bibi," akasema, "weka nukta hapo."

"Wapi?"

"Hapo ulipokataa. Huwasaidia, nukta. Halafu Kufukia, K kubwa. Baada ya mashimo palikuwa na nukta, itoe, weka mkato. Kupanda, k ndogo. Baada ya maharage mkato mwingine. Neno usiongeze hata moja, usipunguze hata moja."

Nilifanya kwa kidole hiki. Kilikuwa kinanuka mbasa. Ilichukua muda, mara herufi inaruka, mara kioo kinazima, yeye ananielekeza kama zamani anavyoelekeza mistari ya mahindi. Mwisho simu ikaniuliza umebadilisha nini. Akasema andika: nimerekebisha nukta. Nikaandika, nikabonyeza, ikaenda.

"Sasa soma."

"Wanaume hukata nyasi na kuzipanga, wanawake huwasaidia. Kufukia udongo na kuchimba mashimo, kupanda maharage, ni kazi yao."

"Kazi ya nani?"

"Yao. Ya wanawake."

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota fimbo yake akaendelea na kunguru. Hatukuongea tena habari hiyo. Nikaondoka na usipa wangu alasiri, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona, maana mwaka uliofuata nilishuka kwa mazishi.

Mama Intaneti sasa duka lake anauza vocha na vitenge, kompyuta imebaki moja, ya vumbi. Nilipotoka matangani nikamwomba anifungulie ngolo. Akafungua, akasoma, akaanza kucheka, kumbe pale simu iliponiuliza nimebadilisha nini niliandika "nimelekebisha". Lakini nukta ipo. Kifutio hajaigusa. Mpaka leo ipo.

Mama Intaneti akatafuta maneno mengine ya Bwana Shamba, yale yote aliyoyadonoa kwa kidole kimoja, akishinda hapo mchana kutwa. Akatafuta, akatafuta. Hata ile kahawa mtu mwingine alishaiandika upya. Hakuna. Mama yangu hayumo, mimi simo, na yeye hayumo. Kimebaki kidoa kimoja, inzi angetua pale usingejua tofauti.

"Sasa bibi," Mama Intaneti akaniuliza, "miaka yote ile, ndicho hicho tu?"

Nikamwambia soma tena kwa sauti, na ukifika kwenye nukta, usipite haraka. Simama.

Akasoma. Akasimama.